Uhalisia wa filamu haupimwi kwa uchache wa mikato

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa burudani iliyowataka watengenezaji wa filamu nchini waache "kukatakata picha" ili kazi zao zifanane na maisha imezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa fani hii, na tayari wapo waongozaji vijana wanaoishika kama amri. Naomba nafasi niijibu. Mwandishi amechanganya mambo matatu: idadi ya mikato (pale kipande kimoja cha picha kinapounganishwa na kingine), urefu wa shoti (kipande kimoja kisichokatwa), na ukweli wa kile kinachoonekana. Na hao magwiji wawili aliowapambanisha, mwongozaji Sergei Eisenstein wa Urusi na mhakiki André Bazin wa Ufaransa, hawakugombania idadi ya mikato hata kidogo. Wala hawakuwahi kujibizana ana kwa ana kama makala inavyodokeza: Eisenstein alifariki mwaka 1948, na maandishi ya Bazin yanayotajwa sana kuhusu montaji, yaani upangaji wa shoti kwa kukata na kuunganisha, ni ya miaka ya 1950.

Nadharia ya mkato ilikua kwenye uhaba wa ukanda wa kupigia filamu. Shule ya filamu ya serikali ilifunguliwa Moscow mwaka 1919, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, na ukanda mpya ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mwalimu wa shule hiyo, Lev Kuleshov, na wanafunzi wake wakawa wanafanyia mazoezi filamu za zamani: wanazifungua, wanazipanga upya, wanaangalia maana inavyobadilika. Jaribio lake linalojulikana zaidi lilitumia uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, shoti ileile moja, mara imeunganishwa na sahani ya supu, mara na mwanamke aliyelala kwenye jeneza, mara na mtoto anayecheza. Vsevolod Pudovkin, mwanafunzi wake aliyelisimulia, anasema watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoiwazia supu, alivyomhuzunikia maiti na alivyomfurahia mtoto. Ukanda wenyewe haukubaki, na masimulizi yanapishana kuhusu picha zilizotumika, lakini mhariri yeyote anaweza kulirudia jaribio hilo leo kwa simu na programu ya bure.

Hapo kuna funzo la kazi ambalo makala haikuligusa kabisa: uso uliotulia ni mtaji. Katika filamu nyingi za hapa nyumbani mwigizaji analia kwa kwikwi kabla mkato haujafika, kisha linaonyeshwa jeneza, kisha kinanda kinapanda. Vitu vitatu vinasema neno moja, na mkato unabaki hauna kazi. Mwambie mwigizaji apunguze. Asimame, amtazame mtu aliye nje ya fremu kwa sekunde 5 au 6 bila kukunja uso. Hapo mhariri anapata shoti anayoweza kuielekeza popote. Akishamwaga machozi yote, shoti hiyo ina mahali pamoja tu pa kukaa, na ikiwa hadithi imebadilika mezani wakati wa kuhariri, haifai tena.

Hata ndani ya Moscow hawakukubaliana. Pudovkin aliona shoti kama matofali, yanapangwa moja juu ya jingine mpaka hadithi isimame. Eisenstein alitaka zigongane. Kwake shoti ya kwanza na ya pili hazijumlishwi, zinapigana, na kwenye ugomvi huo linazaliwa wazo ambalo halimo katika yoyote kati ya hizo mbili. Mfano mzuri ni simba wa mawe katika filamu yake ya 1925 kuhusu uasi wa meli ya kivita Potemkin. Ni sanamu tatu tofauti za kwenye kasri la Alupka, Krimea: mmoja amelala, mwingine ameamka, wa tatu ameinuka. Zikiunganishwa harakaharaka, jiwe linanyanyuka kwa hasira. Hakuna shoti ndefu itakayokupa kitu hicho, kwa sababu hakikutokea mbele ya kamera.

Sini ya ngazi za Odessa katika filamu hiyohiyo inafanya jambo jingine: inaurefusha muda. Ngazi zile zina vidato 192, na safu ya askari ingezishuka kwa muda mfupi tu. Kwenye filamu wanashuka, na wanazidi kushuka, kwa sababu vitendo vilivyopaswa kutokea kwa wakati mmoja vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Angalia mwanamke mwenye miwani. Askari wa farasi anauzungusha upanga kuelekea kamera, mkato, miwani imevunjika na jicho linavuja damu. Upanga hauonekani ukimfikia. Pigo hilo mtazamaji amelikamilisha mwenyewe kichwani, ndiyo maana linauma.

Sasa, je, njia hiyo haikosei? Inakosea, na Eisenstein alikuwa wa kwanza kuliona hilo. Katika filamu yake kuhusu mgomo wa wafanyakazi, nayo ya 1925, aliunganisha mauaji ya wafanyakazi na picha halisi za ng'ombe akichinjwa. Mtazamaji wa mjini alishtuka. Lakini Eisenstein mwenyewe aliandika kwamba kwa mkulima aliyezoea kuchinja mifugo yake picha ile haileti athari yoyote. Mpelekee mkato huo mtu anayefanya kazi machinjio ya Vingunguti uone kama atashtuka. Kosa la pili ni lile la tausi wa bandia anayeunganishwa na Kerensky, kiongozi wa serikali ya muda ya Urusi, katika filamu yake ya 1928 kuhusu Mapinduzi ya Oktoba. Tausi hayumo kwenye hadithi, ameletwa kuwa tusi tu. Mtazamaji lazima asimame, afumbue fumbo, ndipo arudi kwenye sini, na wakati anafumbua sini imeshakwenda. Ukitaka kugonganisha picha, chukua kitu kilichomo tayari kwenye chumba cha hadithi. Kama ni nyumba ya tajiri na ana kuku wa mapambo uani, mtumie huyo kuku.

Tuje kwa Bazin. Alizaliwa mwaka 1918, mwaka 1951 akashiriki kuanzisha jarida la Cahiers du cinéma, na akafariki mwaka 1958 akiwa na miaka 40. Malalamiko yake dhidi ya montaji ya Urusi hayakuwa kwamba mikato ni mingi. Alilalamika kwamba mkato unamwamulia mtazamaji cha kutazama na cha kufikiri. Alipendelea shoti ambamo kitu cha karibu na cha mbali vyote vinaonekana bila ukungu, mtazamaji achague mwenyewe. Mfano wake ni filamu ya William Wyler ya 1946 kuhusu wanajeshi wa Marekani waliorudi vitani. Mbele ya fremu watu wawili wanapiga kinanda baani. Nyuma kabisa, ndani ya kibanda cha simu, mwanamume anavunja uhusiano wake na binti wa rafiki yake, na hatusikii neno analosema. Baba wa binti amesimama kati, macho yake yanakwenda huku na kule. Ni sini ya kufundishia. Lakini hata Wyler hakuiacha bila mkato: aliingiza shoti za karibu za baba akitupia jicho kibandani, kwa sababu bila hizo watazamaji wengi wangebaki wanatazama kinanda.

Insha ya Bazin ambayo makala ilipaswa kuitaja ni ile inayozungumzia lini montaji ipigwe marufuku. Kanuni yake, kwa maneno yetu, ni kwamba pale ambapo kiini cha tukio kinategemea vitu viwili au zaidi kuwepo pamoja kwa wakati mmoja, usikate. Basi. Si kanuni ya filamu nzima, ni ya tukio.

Na mfano wake mmoja unatuhusu. Ni filamu ya Kiingereza ya 1951, Where No Vultures Fly, iliyoongozwa na Harry Watt na kupigwa Kenya, kuhusu familia inayoanzisha hifadhi ya wanyama. Bazin aliandika kwamba ni Afrika Kusini. Jiografia haikuwa fani yake. Filamu yenyewe aliiona ya kawaida sana, isipokuwa sini moja. Mtoto wa familia anatoka mbali na kambi, anaokota mtoto wa simba na kuondoka naye. Simba jike anarudi, anakuta mwanawe hayupo, anafuata harufu. Mpaka hapo kila kitu kimekatwa kwa mtindo wa kawaida: mtoto, simba, mtoto, simba. Mtazamaji mzoefu anajua kwamba hao wawili hawajawahi kuonana. Kisha mtoto anafika karibu na kambi, wazazi wanamwona, na ghafla mwongozaji anaweka wazazi, mtoto na simba ndani ya fremu moja. Baba anamwamuru mtoto amweke chini yule mdogo na asogee taratibu. Simba anaufuata mzigo wake na kuondoka.

Bazin hakuwa mjinga. Alijua simba yule amefugwa au ameshazoea watu. Hoja yake ilikuwa kwamba fremu ile moja inaipa uzito hata mikato yote iliyotangulia, kwa kurudi nyuma. Mtazamaji anasema: kumbe kweli walikuwa mahali pamoja. Na angalia hesabu yake: sini nzima imejaa mikato, na inahitaji shoti moja tu isiyokatwa.

Makala inasema Bazin alitaka maisha yaonyeshwe yote bila kuruka. Hapana. Katika barua aliyomwandikia Guido Aristarco, mhariri wa jarida la Italia la Cinema Nuovo, mwaka 1955, akimtetea mwongozaji Roberto Rossellini, alifananisha matukio ya filamu zake na mawe yaliyotawanyika mtoni: unayarukia kuvuka, lakini mawe hayakuwekwa pale kwa ajili ya kuvukia. Matofali ya ukutani, kinyume chake, yametengenezwa kwa ajili ya ukuta. Hapo unaona jinsi anavyojibu hoja ya Pudovkin. Na katika filamu ya Rossellini ya 1946, Paisà, kwenye sehemu ya mwisho ya delta ya mto Po, wapiganaji wanaowapinga Wajerumani wanapewa chakula na familia ya wavuvi. Baadaye familia imeuawa na mtoto analia katikati ya maiti. Wajerumani walijuaje? Filamu haisemi. Pengo hilo Bazin alilisifu. Kwake kuruka ni halali, mradi kinachobaki kila upande wa pengo kiwe kitu kizima na si kipande kilichochongwa kubeba maana moja.

Upande wa pili, shoti isiyokatwa nayo inadanganya, na mifano iko kwenye filamu zilezile alizozipenda. Robert Flaherty, katika filamu yake ya 1922 kuhusu Nanook mwindaji wa Aktiki, anamwonyesha Nanook akivutana kwa kamba na sili aliye chini ya barafu. Bazin alisifu kwamba muda wa kungoja kwenye tundu haukufupishwa kwa mikato. Lakini upande wa pili wa kamba, nje ya fremu, palikuwa na watu wanaovuta. Nyumba ya barafu nayo ilijengwa bila upande mmoja ili mwanga wa kamera uingie. Katika filamu ya Orson Welles ya 1941, Citizen Kane, kuna shoti ya Susan, mke wa Kane, aliyekunywa sumu: glasi kubwa mbele, yeye kitandani katikati, mlango unagongwa nyuma. Ni shoti ambayo kwa Bazin ndiyo kilele cha kuheshimu nafasi moja. Kumbe mpiga picha Gregg Toland aliipiga mara mbili kwenye ukanda uleule: kwanza glasi ikiwa na mwanga, kisha ukanda ukarudishwa nyuma na sehemu ya chumba ikapigwa. Filamu nyingi za uhalisia mpya wa Italia, mtindo wa akina Rossellini, ziliingiziwa sauti studioni baada ya picha, wakati mwingine sauti za watu wengine kabisa, na hakuna anayeziita za uongo.

Kwa hiyo anayetaka kupima uhalisia kwa kuhesabu mikato ameshika mizani isiyo ya bidhaa hiyo. Mwaka 2001, tarehe 23 Desemba, Alexander Sokurov alipiga filamu nzima ya zaidi ya saa moja na nusu kwa shoti moja ndani ya jumba la makumbusho la Hermitage, St. Petersburg. Haina mkato hata mmoja. Na ni hadithi ya mzuka anayetembea vyumba hadi vyumba akikutana na karne tatu za wafalme wa Urusi.

Lililonisukuma zaidi kuandika ni aya ya mwisho ya makala ile, inayodai kwamba mtazamaji wa Kiafrika "kwa asili yake" hupenda picha inayotulia na huchoshwa na mkato. Dai hilo lina historia, na si nzuri. William Sellers, aliyeanza kutengeneza filamu za afya Nigeria na baadaye akaongoza kitengo cha filamu cha makoloni ya Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1939, alifundisha kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata mikato ya haraka. Shoti ziwe ndefu, kamera isihamehame, matukio yafuatane bila kurukwa, hila za kamera ziepukwe. Hapa Tanganyika nako, kati ya 1935 na 1937, palikuwa na jaribio la filamu za elimu kwa Wabantu lililokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara, kwa ukanda wa milimita 16 na sauti kwenye sahani za santuri. Ni filamu za kodi, safura, benki ya akiba ya posta, zilizotengenezwa na wageni waliokuwa wakikisia kichwa cha mtazamaji kinaweza kubeba nini. Nani alifaidika na imani kwamba watu wetu hawajui kuunganisha picha mbili, sihitaji kueleza.

Wakati huohuo mjini Unguja, Mombasa na Dar es Salaam watu walikuwa wanajaza majumba ya sinema kutazama filamu za Kihindi, ambazo wimbo mmoja unaanza mjini, beti la pili liko milimani, la tatu bustanini, na nguo zimebadilika mara tatu. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza walifikaje huko. Na hata kabla ya sinema, bibi anayesimulia hadithi usiku amekuwa akisema, "Tuwaache hao huko porini, turudi kwa mama yao," na mjukuu wa miaka 4 anarudi naye bila shida. Huo ni mkato sambamba. Eisenstein, katika insha yake ya 1944, alionyesha kuwa D. W. Griffith wa Marekani aliuokota mtindo huo kwenye riwaya za Charles Dickens. Sisi hatukuhitaji kwenda kwa Dickens.

Niingie kwenye kazi yenyewe, maana vijana wanahitaji kitu cha kushika. Chukua sini ambayo tumeiona mara nyingi: mwizi anamwibia mama mkoba ndani ya daladala. Kawaida inakuja hivi: uso wa mama, macho ya mwizi, mkoba, vidole kwenye zipu, uso wa mama, mwizi anashuka. Shoti 6, na hakuna hata moja yenye mama na mwizi kwa pamoja. Mtazamaji anahisi kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukitaja. Mara nyingi sababu ni kwamba mwizi alipigwa siku moja na mama siku nyingine, na mwanga wa dirishani unaonyesha hivyo.

Utamu wa sini hiyo uko kwenye ukaribu wa watu wawili ambao mmoja hajui. Hicho ndicho kiini, kwa hiyo hapo ndipo pasikatwe. Weka kamera siti ya mbele ikitazama nyuma, kwa lenzi pana ya milimita 24 hadi 28, au lenzi kuu ya simu bila kuvuta. Mama akae karibu na kamera, anatazama nje ya dirisha, mkoba begani. Mwizi siti ya nyuma yake, uso wake ukionekana juu ya bega la mama. Mkono unakuja taratibu, vidole vinagusa zipu. Sekunde 4 au 5, bila maneno, bila muziki. Isiwe shoti ya kwanza ya sini. Itangulizwe na mbili au tatu za kukata, iingie pale vidole vinapofika. Baada ya hapo kata unavyotaka: konda anagonga bodi, kituo kinakaribia, mama anajikuna shingo. Mtazamaji ameshaamini, na hatadai tena.

Kipimo hichohicho kinafaa kwingine. Mkwezi wa mnazi apandishwe kutoka shinani hadi kileleni kwenye shoti moja, hata kama ni ya mbali. Ukikata katikati ya shina watu wanaanza kufikiria ngazi. Mchezaji ngoma aonekane miguu na kichwa pamoja angalau mara moja, la sivyo watasema miguu ni ya mwingine. Mvuvi na samaki anayeruka kwenye ndoano, hivyohivyo. Lakini watu wawili wanaozungumza kwa simu, mtu anayesoma barua, msafara wa gari kutoka Morogoro hadi Iringa: hapo hakuna kinachotegemea kuwepo pamoja, na kung'ang'ania shoti ndefu ni kupoteza betri.

Anayeamua kupiga shoti ndefu ajue gharama zake. Shoti ya dakika 6 haifupishiki. Ikiwa mwigizaji amekosea kwenye dakika ya tano, dakika zote tano zimekwenda. Kwa hiyo siku hiyohiyo piga shoti za akiba, sekunde 10 kila moja: mikono, saa ya ukutani, pazia, mtu anayesikiliza. Rekodi pia sauti ya chumba kikiwa kimya kwa sekunde 30 mpaka 60, watu wote wakiwa wamesimama pale pale, feni ikiwa vilevile. Bila sauti hiyo, kila mahali utakapokata maneno patasikika shimo.

Wanaotumia simu wafunge umakini wa lenzi na kiwango cha mwanga kabla ya kuanza, maana simu ikiachiwa ijiamulie itatafutatafuta uso katikati ya shoti na kuangaza chumba mtu mwenye shati jeupe akipita. Jambo la pili la simu ni kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde: simu nyingi hazishiki kasi moja, zinapanda na kushuka kidogo. Kwenye shoti ya sekunde 5 huioni. Kwenye shoti ya dakika 6 iliyounganishwa na sauti ya kinasa cha pembeni, midomo na maneno vinaanza kuachana. Badilisha faili zote ziwe fremu 25 kwa sekunde, kasi isiyobadilika, kabla ya kuanza kuhariri. Na anayepanga shoti ndefu ya magharibi akumbuke kwamba huku kwetu jua likishazama giza halikawii hata nusu saa. Sini inaanza na rangi ya dhahabu na inaisha na chengachenga.

Upande wa anayekata, nao una adabu zake. Kata katikati ya kitendo, si baada yake: mtu anapokaa, shoti ya kwanza iishe makalio yakiwa bado hewani, ya pili ianzie hapohapo, na rudia fremu 2 au 3 za mwendo ili jicho lisihisi kuruka. Kamera ihame angalau nyuzi 30 kati ya shoti moja na nyingine ya mtu yuleyule, la sivyo ataonekana ameshtuka. Usivuke mstari wa kufikirika unaopita kati ya watu wawili wanaoongea. Baki upande mmoja wa zile nyuzi 180, maana ukivuka wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja. Na acha sauti ya shoti inayokuja itangulie picha yake kwa fremu 8 hadi 12. Ni chini ya nusu sekunde, lakini inaficha mkato kuliko hila yoyote ya kwenye programu.

Hata hivyo adabu hizi si dini. Walter Murch, mhariri wa Marekani mwenye heshima kubwa, amepanga vigezo sita vya mkato mzuri na kuvipa asilimia: hisia 51, hadithi 23, mdundo 10, mahali jicho lilipo 7, uwiano wa picha bapa 5, na mwendelezo wa nafasi halisi 4. Usahihi wa nafasi, ambao vyuo vingi huanza nao na wanafunzi hushikwa makosa nao, ameuweka mwisho. Bazin pengine angeupandisha kidogo. Mimi ningeupandisha kwenye ile sini ya daladala, na kuuacha palepale kwenye mazungumzo ya simu.

Mwisho ni sahihisho. Makala inasema filamu ya Alfred Hitchcock ya 1948, Rope, "haina mkato hata mmoja". Inayo, na sababu zake ni za kiufundi. Boksi la ukanda la kamera lilibeba futi 1,000 za milimita 35. Futi moja ina fremu 16, na kwa fremu 24 kwa sekunde boksi hilo linaisha kwa dakika 11 na ushei. Kwa hiyo hakuna shoti ingeweza kuzidi hapo. Baadhi ya maungio Hitchcock aliyaficha kwa kuisogeza kamera mpaka mgongo wa koti uzibe lenzi. Mengine hakuyaficha kabisa, kwa sababu kwenye jumba la sinema projekta ilibeba futi 2,000, na takriban kila dakika 20 mtambo wa pili uliwashwa. Kwenye maungio hayo amekata waziwazi, kutoka kwa anayesema kwenda kwa anayesikiliza, kama mhariri yeyote. Anayetaka kuhakiki afungue filamu hiyo, awe na saa mkononi, na aangalie mabega ya watu kila shoti inapopita dakika ya nne.

Wako katika fani,
Mhariri wa filamu,
Kinondoni, Dar es Salaam